Usizidishe, Usipunguze, na Wakikunyima Waambie Waandike

Kuna ushauri unazunguka mtaani ambao nimeusikia hadi nimechoka nao. Ukienda kupimwa ulemavu, zidisha. Kama unatembea na mkongojo mmoja, beba miwili. Kama unasikia kidogo, jifanye husikii kabisa. Kama mtoto anaweza kushika kijiko, mlishe wewe mbele ya daktari. Na anayekupa huo ushauri si eti ni mwizi, mara nyingi ni mtu anakupenda. Ameona watu wa ukweli wakirudishwa nyumbani mikono mitupu na wajanja wakipita, akaamua kwamba ukweli haulipi.

Mimi nakataa huo ushauri, na sitaanza na mahubiri. Nakataa kwa hesabu. Uwongo unakufunga mdomo. Ukizidisha halafu unyimwe, utapinga aje? Kupinga ni kuomba watu wafungue faili yako tena, waiangalie kwa karibu, pengine na daktari mwingine. Mtu aliyekuja na mkongojo wa kuazima hataki kuangaliwa kwa karibu. Ataenda nyumbani anyamaze. Lakini mtu ambaye kila kitu alichosema ni kweli anaweza kusimama pale kaunta akasema, "Angalieni tena," na hana cha kuogopa. Hiyo nguvu hakuna broka atakuuzia, hata umpe elfu tano.

Lakini kuna uwongo mwingine, na huu hakuna anayeuita uwongo. Kupunguza.

Sisi tumelelewa na jibu moja. Uko aje? Niko poa. Mtu amelazwa wodi, ana mpira wa maji mkononi, ukimsalimia anakwambia ako sawa, anashukuru Mungu. Wengine ni heshima, wengine ni aibu, wengine wanaogopa kukiri ugonjwa kwa mdomo wao wasije wakauita. Sasa chukua huo mdomo uupeleke mbele ya madaktari. "Unaweza kupanda ngazi?" "Ndiyo, daktari." Daktari anaandika ndiyo. Hukumwambia unapanda ukishika ukuta, unapumzika mara tatu, na ukifika juu lazima ulale kidogo. Hakuuliza, na wewe uliona ni kulialia. Kwenye karatasi, wewe na mkimbiaji wa Iten mnapanda ngazi sawasawa.

Hata hesabu za nchi zina hii shida ndani yake. Sensa ya 2009 ilipata asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Ya 2019 ikapata asilimia 2.2, kwa watu wa miaka 5 kwenda juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu asilimia 16 ya binadamu wote. Hapa katikati ya sensa mbili hatukupona kimuujiza. Swali ndilo lilibadilika. 2019 watu waliulizwa kama wana ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na aliyehesabiwa ni yule aliyesema ana ugumu mwingi au hawezi kabisa. Ukisema "kidogo", umetoka kwa hesabu. Sasa fikiria karani wa sensa amesimama mlangoni kwa ploti, jirani anafua nguo hapo mita mbili, masikio yote yako kwenu. Ni nani atasema kwa sauti, "Mama yangu hawezi kujiosha"? Utasema kidogo tu.

Lakini ukitoa hiyo aibu, hayo maswali yenyewe ni ya maana sana, juu hayaulizi ugonjwa wako unaitwaje. Yanauliza unafanyia nini maisha yako. Na Katiba inafikiria hivyo hivyo. Kifungu cha 260 kinaelezea ulemavu kwa upana sana: wa mwili, wa hisi, wa akili, wa kisaikolojia, hata hali nyingine au ugonjwa, mradi una athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wako wa kufanya shughuli za kawaida za kila siku. Soma hapo mwisho tena. Shughuli za kawaida za kila siku. Kuoga, kupika, kuvuka barabara, kupanda matatu, kukaa na kazi mwezi mzima bila kufutwa. Kwa hivyo ukienda kupimwa, jina la ugonjwa ni mwanzo tu. Unachoenda kueleza ni siku yako.

Najua hii kwa sababu ya braza yangu mdogo. Ana miaka 19 na ana kifafa. Ukikutana naye mtaani utaona kijana tu, ameweka nywele vizuri, anacheka sana, anajua mpira kuliko mtangazaji. Kwa mwezi anaanguka mara tatu, mara nne, mara nyingine usiku. Akiamka anakuwa hajijui kwa muda, halafu analala nusu siku. Alikuwa anajifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja, na fundi ni mtu mzuri, lakini siku alianguka karibu na mashine ikawa basi. Haachwi peke yake na jiko. Haogi akifunga mlango kwa komeo. Hizo ndizo siku zake.

Mathe akampeleka kwa hospitali moja ya serikali apimwe, ndiyo aweze kusajiliwa. Mimi nilikuwa nimeketi nao. Haikufika dakika kumi. Unatembea? Ndiyo. Unaongea vizuri, nakusikia. Unajilisha? Ndiyo. Unafanya kazi? Na hapo mathe akajibu kwa niaba yake, haraka kabisa: "Anajisaidia na vibarua vidogo vidogo, daktari. Huyu si mvivu." Alikuwa anamtetea mtoto wake. Mama yeyote wa Kenya angesema hivyo, kwa sababu kwetu mtu asiyefanya kazi anashukiwa uvivu kabla hajashukiwa ugonjwa. Daktari akaandika kitu, akafunga faili. "Huyu kijana ni mzima. Ameze dawa vizuri." Tukaambiwa twende. Hakuna karatasi tuliyopewa.

Hapo kwa karatasi ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu naona wengi wanapotea hapo.

Ukinyimwa kwa mdomo, una maneno tu mkononi. Huwezi kupinga maneno. Kesho yule aliyekwambia atasema hakusema, au alisema urudi, au wewe ndiye ulikosa stakabadhi. Kwa hivyo kitu cha kwanza ni kuwafanya waandike. Na hapa sheria iko upande wako kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa kiutawala unafaa kuwa wa haraka, wa kisheria, wa busara na wa haki, na kama umeathiri haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Halafu kuna sheria iliyopitishwa 2015 kutekeleza hicho kifungu, ile ya hatua za haki za kiutawala. Iko na kitu kitamu sana ndani yake: ukiomba sababu na usipewe, uamuzi unachukuliwa kwamba ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka wathibitishe vingine. Yaani kimya chao kinahesabiwa dhidi yao. Mimi chuo sikumaliza na sheria sikuisoma hata siku moja. Hii nilisoma kwa simu nikiwa kwa foleni, na Katiba iko bure, hata kwa Kiswahili iko.

Barua tuliyoandika ilikuwa nusu ukurasa. Jina lake na nambari ya kitambulisho. Tarehe aliyopimwa. Uamuzi tulioambiwa kwa mdomo. Halafu sentensi moja: tunaomba sababu za uamuzi huo kwa maandishi, kulingana na Kifungu cha 47. Hakuna matusi, hakuna hadithi ya maisha, hakuna "nyinyi watu wa serikali". Tukachapisha nakala mbili kwa saiba, shilingi ishirini. Moja ya kwao, moja ya kugongwa muhuri wa kupokelewa ili tubaki nayo.

Muhuri ndio ulikuwa vita. Karani, msichana wa rika langu tu, akasema barua za watu hazigongwi muhuri. Tukaambiwa turudi Jumatano. Jumatano tukaambiwa mwenye muhuri ametoka. Mathe hakupiga kelele. Alikaa kwa ile benchi ya mbao, akatoa sweta anayoifuma, akaanza kufuma. Saa nane hivi yule karani akamwambia, "Mama, mnatusumbua." Mathe akamjibu bila kuinua macho, "Gonga tu mwanangu, tuende nyumbani." Akagonga.

Nikiambia watu hii stori wanacheka hapo kwa sweta, lakini mimi sicheki sana. Mathe alikuwa na siku mbili za kukaa kwa benchi. Mtu wa kibarua hana. Mama ambaye mtoto wake hawezi kuachwa hata dakika tano hana. Haki ambayo inahitaji siku mbili za benchi imeshachagua watu wake, na sisi tulikuwa kati ya waliochaguliwa kwa sababu mimi kazi yangu iko kwa simu na naweza kushika zamu nyumbani.

Sababu zilikuja baada ya wiki kadhaa. Mistari minne. Kwa kifupi: hakukuwa na ushahidi wa ni mara ngapi anaanguka, na hakukuwa na rekodi za kliniki zilizoambatanishwa. Wasee wangu, hiyo karatasi ilikuwa ya kukatiza tamaa na pia ilikuwa zawadi. Tulikuwa tumeambiwa kijana ni mzima. Karatasi haikusema ni mzima. Ilisema haina ushahidi. Hizo ni vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti yake hatungeiona kama hawangeandika.

Sasa ikawa kazi ya ushahidi. Rekodi za kliniki zilikuwepo, miaka yote, ni kuziomba tu. Fundi akaandika barua fupi ya mkono, akaweka sahihi na nambari yake: alikuwa nami kuanzia mwezi fulani, aliacha kwa sababu hii, na akipona mlango uko wazi. Halafu daftari. Daftari la shilingi thelathini, la mistari. Kila akianguka tunaandika tarehe, saa, ilichukua dakika ngapi, nani aliona, aliumia wapi, alirudiwa na fahamu saa ngapi, alilala hadi saa ngapi.

Na tuliandika siku nzuri pia. Hapa anti yangu mmoja alitushangaa sana. "Kwa nini mnawaonyesha siku hajaanguka? Si mnajiharibia?" Kwa siku thelathini alikuwa ameanguka mara nne. Siku ishirini na sita hakuanguka. Anti alitaka tuziache wazi.

Lakini hizo siku ishirini na sita ndizo zilieleza kila kitu. Siku hajaanguka, bado haogi mlango ukiwa umefungwa. Bado hapandi ngazi ya kubadilisha balbu. Bado hapiki akiwa peke yake. Bado mtu mmoja nyumbani lazima ajue ako wapi. Bado hana kazi, juu hakuna mtu anaajiri kwa sharti la "leo pengine sitaanguka". Jopo la pili lilipompima, daktari mmoja alifungua daftari akaenda moja kwa moja kwa siku nzuri akauliza, "Hapa mlifanya nini?" Mathe akaeleza siku ya Jumanne ya kawaida, kutoka asubuhi hadi jioni, bila kuongeza na bila kumtetea mtu. Ilikuwa siku ya kuchosha hata kuisikiliza. Safari hii walimpitisha, na sasa amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Kama kuna kitu kimoja unaweza kufanya usiku wa leo kwa sababu ya mtu wa nyumbani kwenu, ni hilo daftari. Usingoje tarehe ya kupimwa. Ugonjwa unaokuja na kwenda, wa kuanguka, wa maumivu ya seli mundu, wa akili, unapenda kujificha siku ya miadi. Mtu anaamka akiwa fiti kabisa siku ile moja ambayo alihitaji aonekane. Bila daftari, hiyo siku moja ndiyo itakuwa maisha yake yote.

Sasa turudi kwa anti, kwa sababu hajamalizana na sisi.

Baada ya usajili alikuja na hoja mpya. Inua Jamii. Serikali inalipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali, yule anayehitaji kuangaliwa na mtu mwingine muda wote. Anti akasema, semeni hajiwezi. Hawezi kula, hawezi kuvaa. Nani atajua? Elfu mbili ni unga, ni dawa ya mwezi. Na ni kweli. Kwa nyumba yetu elfu mbili si pesa ya kudharau, na wiki zingine hiyo elfu mbili haikuwepo kabisa.

Mathe akakataa. Akasema huyu mtoto anavaa mwenyewe, na hatasema mbele yake kwamba hawezi. Anti akakasirika, akasema kiburi hakijazi sufuria. Hadi leo wanasalimiana kwa ufupi.

Mimi niko upande wa mathe, na si kwa sababu anti ni mtu mbaya. Watu wanachanganya milango. Kusajiliwa na Baraza ni mlango mmoja, na ndiyo unafungulia mingine, kama maombi ya vifaa vya kusaidia na ya karo kupitia mfuko wa maendeleo wa watu wenye ulemavu. Msamaha wa kodi ni mlango wa pili. Inua Jamii ni wa tatu, na kipimo chake ni kizito zaidi. Mtu anaweza kuwa na ulemavu wa kweli kabisa, akastahili mlango wa kwanza, na asistahili wa tatu. Ukinyimwa wa tatu kwa haki, hawajasema wewe ni mwongo wala wewe ni mzima. Wamesema kipimo hiki si chako. Ukikubali hiyo, utajua vita vipi vya kupigana na vipi vya kuacha. Ukiikataa, utaishia kumfundisha kijana wa miaka 19 kujifanya hawezi kufunga vifungo vya shati lake.

Na hiyo shaka ya udanganyifu inayowekewa maskini, mimi inanichoma. Angalia pesa ziko wapi. Mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa, akipewa cheti, hatozwi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Ni sheria nzuri, kwa sababu kuishi na ulemavu Nairobi ni gharama, muulize yeyote anayelazimika kuchukua teksi kwa sababu hakuna matatu itasimama aingie na kiti cha magurudumu. Lakini piga hesabu. Kwa mshahara wa 150,000, hiyo ni zaidi ya shilingi 30,000 unabaki nazo kila mwezi. Anayetafuta cheti feki atakuwa na sababu ya elfu thelathini na kitu, ana payslip, ana gari, na ana mtu wa kumpigia simu. Lakini anayekodolewa macho pale kaunta kama mwizi ni mama wa elfu mbili aliyebeba mtoto mgongoni kutoka stejini. Mkitaka kukaza vipimo, kazeni pale kwa elfu thelathini kwanza.

Kwa hivyo ukinyimwa, kabla ukasirike, tafuta ni kunyimwa kwa aina gani. Kama wamesema huna ulemavu, hiyo ni ya kitabibu: ushahidi, daftari, kupimwa tena. Kama wamesema unao lakini si mkali vile wanataka, soma kipimo chao na ujiulize kwa ukweli. Kama ni stakabadhi imekosekana, hiyo ni ya wiki moja, usiifanye ya miaka. Na kuna ile ya nne, ambayo huwa inavaa nguo za hizi zingine: unastahili, wanajua unastahili, lakini hakuna nafasi.

Hiyo ya nne haijibiwi na daktari. Jirani yetu mmoja ana mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo. Hakai bila kushikiliwa, hali bila kulishwa. Huyu ndiye Inua Jamii iliundiwa. Amejaza fomu, amepiga picha, ameenda kwa chifu mara ambazo amepoteza hesabu. Kila mara anaambiwa majina yamefungwa, ngoja orodha mpya. Majirani wakamwambia ampeleke mtoto hospitali tena, apimwe upya. Apimwe nini? Hakuna mtu amebisha kuhusu mtoto. Wangemfanya atumie nauli ya pesa hana, amsumbue mtoto kwa foleni, kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Swali lake ni lingine. Jina la mtoto liko kwa orodha au haliko? Liliandikwa lini? Nani aliamua nani aingie wadi yetu mara ya mwisho, na kwa kipimo gani? Hizo ni habari za serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuziomba. Ofisi inafaa kuamua ombi lako ndani ya siku 21. Wakinyamaza au wakikataa bila sababu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, na haikulipishi kitu. Hiyo hiyo Tume ndiyo unapeleka malalamiko kama ofisi imekuzungusha miezi bila uamuzi. Kortini pia kunaendeka, lakini sheria inataka kwanza umalize njia za ndani, na kwa kweli kama unaweza kumaliza shida yako bila kuona wakili, maliza.

Kuna wale wataniambia hii yote ni ndoto ya mtu wa simu, eti Kenya barua haifanyi kitu, ni kujuana tu. Wana ushahidi wao na siwezi kuwacheka. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitoka 2025 ikachukua nafasi ya ile ya 2003, na kwa miaka hiyo yote tulikuwa na sheria nzuri kwenye rafu na watu wakilala kwa foleni. Lakini kujuana hakuna nakala yenye muhuri. Yule unayemjua akihamishwa kaunti nyingine, unaanza upya. Barua yako inabaki kwa faili, na atakayekuja ataikuta na tarehe yake.

Jirani yetu hakuwa anajua kuandika barua ya ofisi, basi tuliiandika pamoja kwa simu yangu, yeye akisema na mimi nikiandika. Nilitaka kuweka sentensi ya huruma pale mwisho, kuhusu mtoto na usiku ambao halali. Akaniambia nitoe. Akasema hajaomba waonewe huruma, ameuliza orodha iko wapi. Tukaacha maswali matatu, jina lake, nambari yake ya simu na tarehe. Muhuri alipata siku hiyo hiyo, na hiyo ilinishangaza. Leo ni siku ya kumi na nne.